Tita la Mjomba Verlin

Mjomba Verlin Teter huwasha jiko lake mara moja tu kwa mwaka. Huliwasha asubuhi ya Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, na likishawaka halizimwi hadi Aprili. Novemba inaweza kuja na barafu ndani ya ndoo, yeye atakaa na hita ndogo ya umeme miguuni na blanketi mabegani, akiisubiri Jumatatu yake. Zamani alikuwa akiliwasha kisha anapanda mlimani na bunduki, ili akirudi aikute nyumba imepata joto. Siku hizi mkewe, Shangazi Orpha, yuko makaburini nyuma ya kanisa, na mlima umemshinda. Miaka thelathini na moja ya kuchimba makaa ilimwachia vumbi kifuani. Anatembea hatua kumi, anasimama, anajifanya anatazama ndege, kisha anatembea kumi nyingine. Lakini jiko bado analiwasha siku ileile, anapika chapati za maji za unga mweusi, na kila mwindaji anayeshuka kutoka juu anajua kwamba mlango ule hauna komeo.

Hatuna undugu wa damu. Alifanya kazi zamu moja na baba yangu, na baba alipofariki, yeye ndiye aliyenifundisha kunoa shoka na kuusoma mti kabla ya kuuangusha. Kwa hiyo siku ya kuni ilipofika mwaka huu, nilitaka nyumba yake ipate kuni bora kuliko zote.

Siku ya kuni ni desturi ya kanisa letu la Kijito cha Ruddle. Jumamosi inayotangulia msimu, wenye nguvu wanapanda msituni na misumeno ya mashine na kukata kuni za wajane, wagonjwa na wazee. Miaka hii hatukati mti mbichi. Kuna mdudu mdogo wa kijani anayekula chini ya gome, ameua miti mlima mzima, na maiti zake zimesimama wima, kavu kabisa. Unauangusha leo, unauchoma keshokutwa. Kazi imekuwa rahisi mno, nadhani ndiyo sababu tumekuwa wazembe.

Mkuu wetu ni Denzil Arbogast, dereva wa basi la shule, mtu mwenye magoti mabovu na hotuba moja. Aliitoa tena Jumamosi ile, tumesimama duara huku pumzi zetu zikitoka kama moshi.

"Sikilizeni. Na wewe Tressa hasa, maana masikio yako ni ya kuvalia hereni tu. Mkiona mmea mtambazi wenye nywele umeng'ang'ania shina, mti huo tunauacha. Ule ni mtambazi wa sumu. Msiseme majani yameanguka. Sumu yake ni mafuta, yamo kwenye gome, yamo kwenye mizizi, na baridi haiyafanyi chochote."

"Kaka Denzil, mwaka jana ulisema hayohayo," nikasema.

"Na mwaka jana ni nani aliyejikuna hadi Krismasi?"

"Wewe," tukamjibu watu wanane kwa pamoja.

Alingoja kicheko kiishe. "Haya, mimi. Ngozi inapona. Ila mdogo wangu Lonnie alichoma rundo la vichaka Februari, na mtambazi umo ndani. Moshi ulipanda na yale mafuta, akauvuta. Alikuwa na mapafu ya kijana, ya kupuliza tarumbeta. Alilala hospitali siku kumi na mrija puani. Sasa fikirini nyumba tunazopeleka kuni leo, na vifua vilivyomo humo."

Nilisikia kila neno. Sina kisingizio cha kutosikia.

Mti niliouchagua kwa ajili ya Mjomba ulikuwa kwenye mteremko, mrefu, mnyoofu. Upande wa njia ulikuwa umepandwa na mzabibu mwitu, ule wenye gome linalochanika kama karatasi ya zamani. Nililifurahia gome lile. Ukilichana na kulisokota, linashika moto kwa kiberiti kimoja. Sikuzunguka kuutazama upande wa pili, kwa sababu kilima kilikuwa kikali na chini kulikuwa na theluji nyepesi inayoteleza. Niliuangusha. Ulilala kifudifudi, upande nisiouona ukiwa chini, na nilipoukatakata vile vipande viliviringika kwenye theluji vikatoka vyeupe pande zote kama vimepakwa unga. Watu wakavipasua, wakavibeba.

Mimi nikatengeneza tita la kuwashia. Nilichana gome la mzabibu, nikakata na vijiti vyembamba vilivyokuwa vikining'inia juu kabisa ya mti, laini, visivyo na nywele hata moja. Baadhi yake vilikuwa na vichala vya vitunda vyeupe vidogo kama shanga. Nikaviacha vichala vyangu vikae juu, nikafunga kwa kamba nyekundu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glovu, nikazivua ili nifunge fundo zuri. Kamasi za baridi zilikuwa zinanitoka kama mtoto. Nikazivaa glovu tena, nikapangusa kwa mgongo wa moja, nikaendelea.

Denzil aliniona kwa mbali. "Hivyo vyeupe ni vya nini?"

"Urembo."

"Lete niuone huo urembo."

"Kaka, miwani yako imejaa ukungu, utaona nini? Mimi nimezaliwa msitu huu."

Alisita. Kisha mtu akamwita kuhusu mnyororo wa msumeno uliokatika, akaenda. Nami nilijiona nimeshinda.

Kwa Mjomba tulishusha kuni zote za mti ule, tukazipanga barazani. Tita nilimkabidhi mwenyewe mkononi. Alilipokea kwa kushika ncha ya kamba, vidole viwili tu, akalitazama muda mrefu.

"Umelifunga vizuri, binti yangu."

"La Jumatatu hilo, Mjomba. Usilitumie kabla."

"Silitumii kabla." Akapumua, akangoja pumzi nyingine. "Hutaki kunawa? Maji yapo pale sinki, na sabuni ya vyombo. Naweza kukuletea taulo safi."

"Nitanawa nyumbani. Denzil ananingoja kwenye pikapu, ameanza kupiga honi."

"Sekunde mbili tu."

"Nyumbani, Mjomba."

Alisimama mlangoni na tita lake likining'inia mbali na mwili, kama mtu aliyeshikishwa samaki mbele ya wageni.

Jumapili nilikwenda kanisani na koti lilelile na glovu zilezile. Jioni viganja vya mikono vilianza kuwasha, nikasema ni ukavu wa baridi, nikajipaka yale mafuta tunayowapaka ng'ombe chuchu zikipasuka. Nikalala.

Jumatatu niliamka na jicho moja. La kushoto lilikuwa limejifunga lenyewe. Nilikwenda jikoni nikipapasa ukuta, mama akageuka na kikombe mkononi.

"Umepigana na nani?"

"Nadhani ni baridi."

Alinisogeza kwenye taa, akanishika kidevu, akanigeuza kushoto na kulia. Mama alifanya kazi ya kutunza wazee miaka mingi, macho yake hayadanganywi. "Vipele vya baridi havijipangi kwa mistari. Tazama shavu. Mstari, mstari, mstari. Umejipaka kitu. Ulishika nini Jumamosi?"

"Mzabibu tu. Na vijiti vyenye vitunda vyeu..."

Sikuimaliza sentensi. Mama aliweka kikombe chini.

"Mzabibu unazaa vitunda vyeupe tangu lini, Tressa?"

Saa ya ukutani ilisema saa kumi na mbili na robo. Jua hugusa nyumba ya Mjomba saa moja na robo, na moto wake hutangulia jua. Nilichukua simu. Simu ya Mjomba ni ya mezani, iko chumbani, na akiwa jikoni na vyombo vyake hasikii hata bunduki. Iliita mara kumi na mbili. Nikapiga tena. Za mkononi hazishiki kule bondeni, hazijawahi kushika. Denzil alikuwa msituni tangu usiku, kama wanaume wote na nusu ya wanawake wa hapa. Ndiyo maana shule hufungwa wiki nzima na ndiyo maana mimi, mpishi wa shule, nilikuwa nyumbani.

Nilivaa koti. Mama akalivuta kutoka mabegani mwangu kwa ncha za vidole, akalitupa nje barazani, na glovu juu yake.

"Mafuta hayo yanakaa kwenye nguo hadi uzifue. Utakwenda kumshika mzee nayo? Nawa kwanza."

"Mama, atawasha."

"Dakika moja. Maji baridi, usitumie ya moto. Sabuni ya vyombo. Hadi kwenye viwiko, na chini ya kucha."

Nilinawa nikihesabu. Sijawahi kuichukia dakika namna ile. Kisha nikavaa koti lake la kuendea kanisani, nikatoka.

Barabara ya bondeni ni maili tisa na haina mahali pa kukimbizia gari, hasa ukiwa na jicho moja. Kando yake pikapu zilikuwa zimeegeshwa kwenye theluji, hazina watu. Mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka mbali, kisha wa pili. Nilikuwa nikiendesha na kulisema kimoyomoyo lile nitakalomwambia, na kila nilipolisema lilikuwa baya zaidi. Mjomba, nimekuletea sumu nikaifunga kamba nyekundu. Mjomba, usipumue. Nilimfikiria Lonnie na mapafu yake ya tarumbeta, na siku zake kumi. Mtu anayesimama kila hatua kumi hana siku kumi za kutoa.

Nilipopinda kona ya mwisho niliona moshi. Ulikuwa unatoka kwenye dohani mwembamba, mweupe, umenyooka juu kwa sababu hapakuwa na upepo.

Niliacha mlango wa gari wazi. Nilipoingia ndani, Mjomba alikuwa amesimama mbele ya jiko la chuma, kapu la kuni miguuni, amevaa aproni ya Shangazi Orpha, ana unga kwenye nyusi. Anapumua. Nilisimama nikimsikiliza anavyopumua: ile filimbi ya kila siku, juu na chini, si zaidi.

Alinitazama usoni. Uso wake ukabadilika kidogo tu.

"Ah," akasema. "Hukunawa."

"Umewashia nini?"

"Gazeti. Na matunda ya msonobari. Keti, chapati ya kwanza iko tayari, imeungua upande mmoja lakini ya kwanza huwa hivyo."

"Tita liko wapi, Mjomba?"

Alielekeza kidole dirishani, kwenye kibanda cha mwisho kabisa, karibu na msitu. Juu ya mlango, kwenye msumari, kulikuwa na mfuko wa plastiki wa chakula cha kuku, umegeuzwa nje ndani, umefungwa mara mbili. Kamba nyekundu ilikuwa imetokeza ncha.

"Nimeliweka pale. Ni zuri sana. Ila si la kuchoma."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilikuwa nimekuja mbio maili tisa kumwokoa mtu aliyejiokoa tangu Jumamosi. Nafuu ilinijia kwanza, nikaketi. Nyuma ya nafuu zikaja hasira.

"Ulijua. Pale mlangoni, ulijua."

"Vitunda vyeupe, binti yangu. Mtu anavijua."

"Na hukuniambia."

"Nilikuambia unawe."

"Uliniambia kama mtu anavyomwambia mgeni kabla ya kula. Mara mbili, kwa upole. Ungesema, Tressa, umeshika mtambazi wa sumu, nawa sasa hivi. Ningenawa. Saa ileile ingeondoka yote. Sasa nitazame."

Alitazama. Alikuwa ameshika mwiko na hakujua auweke wapi.

"Ulikuwa umefurahi sana," alisema hatimaye. "Denzil yuko pale anatazama, kanisa zima liko kwenye pikapu. Nikuaibishe na zawadi mkononi? Mama yangu angefufuka. Nikajiambia, atanawa, ni msichana safi. Na sumu mimi nitaiweka mbali, hapana aliyeumia."

"Mimi nimeumia."

"Ndiyo. Naona."

Hivyo ndivyo watu wa hapa walivyo. Mtu atakula chakula kilichochacha amalize sahani, aombe na nyongeza, kuliko kumwambia mwenye nyumba. Nami ni walewale. Nisingemruhusu Denzil kunionyesha kosa mbele za watu, na Mjomba asingenionyesha hata faraghani. Kati ya kiburi changu na adabu yake, uso wangu ulikuwa umelipia.

Ili kuwa na la kufanya, Mjomba aliinama kwenye kapu, akachukua ukuni, akafungua mlango wa jiko. Moto ulimulika mkono wake. Nami, kwa lile jicho moja nililobaki nalo, nikaona chini ya ukuni ule kitu kilicholala kimeshikamana na gome, kinene kama kamba ya kufungia ndama, kahawia, chenye nywele.

"Mjomba, uweke chini."

"Huu? Huu ni wa kanisa, mkavu kabisa."

"Ugeuze."

Aliugeuza. Theluji iliyokuwa imeugandia Jumamosi ilikuwa imeyeyuka barazani na kuuacha wazi. Tuliutazama wote wawili. Moto ukawa unavuma kwa sauti ndogo, ukingoja.

"Loo," alisema Mjomba. Aliufunga mlango wa jiko kwa goti, akauweka ukuni sakafuni polepole, kama kitu chenye uhai, akabaki ameinua mikono yake miwili hewani.

"Mle ndani umetia kuni ngapi?"

"Tatu. Zote za mwaka jana. Moto wa kwanza huwa naulisha kuni za zamani, ndiyo bahati." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Huu ulikuwa wa kwanza kati ya hizi mpya."

"Nawa mikono."

"Nitanawa baada ya..."

"Mjomba Verlin, umeshika mtambazi wa sumu. Nawa sasa hivi. Maji baridi na sabuni ya vyombo, hadi kwenye viwiko."

Alinitazama, kisha akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, akaenda sinki huku akikohoa. Alinawa mara mbili bila kuambiwa ya pili.

Ndiyo kusema alijua nusu na mimi nilijua nusu. Alikuwa ameliona tita akadhani amemaliza kuona. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya tita tu. Kwamba mti wenyewe ulikuwa umebeba kitu upande wa pili, nililielewa hilo pale, mbele ya mlango wa jiko.

Tulifanya kazi hadi saa nne. Yeye aliketi barazani kwenye kiti, blanketi hadi kidevuni, nami nilivaa mifuko ya plastiki ya mikate juu ya glovu zake za kazini na kuifunga kwa mpira kwenye vifundo vya mikono. Niligeuza ukuni mmoja baada ya mwingine mbele yake, pande zote, nikiupitisha kila mmoja mbali na kifua chake. Alikuwa akisema maneno mafupi ili asipoteze pumzi.

"Sawa. Sawa. Huo, tazama pale pembeni."

"Hapana nywele hapa."

"Kuna alama. Kama jino la chanuo limepita. Mtambazi umebanduka, mizizi imeacha alama, na mafuta yamebaki. Utupe."

Kuni kumi na saba zilitoka. Nilizibeba kwa toroli hadi ukingoni mwa msitu, mbali na njia ya wawindaji, nikaziacha zioze, na tita langu la kamba nyekundu nikalirusha juu yake likiwa ndani ya mfuko wake. Toroli nikaisugua mishikio kwa spiriti. Jicho lilikuwa linanipwita na mashavu yanawaka moto. Nilitaka kujikuna kwa namna ambayo ningempa mtu gari langu anikune yeye.

Denzil alishuka kutoka mlimani wakati huo, kizibao chake cha rangi ya chungwa kikionekana kabla yake, bunduki begani, hana kulungu. Alifika barazani, akanitazama uso kwa makini, akaondoa kofia.

"Urembo umekukaa," alisema.

"Sema yote leo, Kaka. Umengoja tangu Jumamosi."

Lakini hakusema yote. Alitazama ule ukuni mmoja tuliouacha kwenye ngazi kwa ajili yake, akachuchumaa kwa shida, magoti yakalia.

"Huu ni wa ule mti wa mteremkoni?"

"Ndiyo."

"Niliupitisha mimi. Nilisimama njiani, nikauona mzabibu, nikasema sawa. Sikuuzunguka." Alijikuna kidevu, kisha akautazama mkono wake kwa wasiwasi, akaushusha. "Magoti haya. Nahutubia watu kila mwaka, halafu sizunguki mti."

"Nyumba nyingine?" Mjomba aliuliza.

"Mti ule wote ulikuja hapa. Ila nitapita kila nyumba leo. Nitazigeuza kuni zote." Akaingia ndani, akanawa kabla hajagusa sahani, akala chapati sita.

Baadaye mchana yeye ndiye aliyenipeleka kliniki. Muuguzi alinipa vidonge kwa sababu uvimbe ulikuwa umefika machoni. Ungebaki mikononi tu, alisema, ningetulizwa na ile dawa ya majimaji ya kupaka, ya rangi ya waridi, na uvumilivu wa wiki mbili. Alinikataza kuyapasua malengelenge, akaniambia maji yake hayaambukizi mtu, kinachoambukiza ni lile koti langu lililotupwa barazani, nilifue kabla sijalivaa tena. Nilimwuliza kuhusu dawa ya Shangazi Orpha, ile barafu ya magugu. Alisema kuhusu mmea hajui, kuhusu ubaridi anajua, niendelee.

Dawa ya Shangazi Orpha niliipata kabla ya hapo, asubuhi ile ile, Denzil akiwa bado anatafuna. Mjomba alikwenda kwenye friza, hatua kumi na ngapi sijui, akainamia ndani, akahamisha nyama, akahamisha maharage, akatoa trei ya barafu. Juu yake kulikuwa na utepe wenye mwandiko wa Shangazi: SI YA CHAI, VERLIN. Vipande vilikuwa vya rangi ya chungwa iliyofifia. Kila Julai alikuwa akikata yale magugu yenye maua ya chungwa yanayoota kando ya kijito, anayachemsha, anayagandisha, kwa ajili ya yeyote atakayekuja anajikuna. Trei hiyo ilikuwa ya kiangazi chake cha mwisho. Vilibaki vipande vinne.

"Hapana, Mjomba," nilisema. "Hivyo viache."

"Nimeviacha miaka miwili. Theluji ikiangusha nguzo ya umeme siku moja tu, vitakuwa maji ya rangi sakafuni." Alivigonga vikatoka, vyote vinne, akavifunga kwenye kitambaa cha vyombo. "Keti. Kichwa nyuma."

Aliniwekea juu ya jicho mwenyewe. Baridi ile iliingia ndani hadi kwenye mfupa, na kwa mara ya kwanza tangu niamke sikutaka kujikuna. Harufu ilikuwa ya matope ya kijito wakati wa joto. Mjomba alisimama akishikilia kitambaa, anapumua kwa filimbi yake, na wala hakutazama ndege.

"Nilipaswa kukuambia," alisema. "Mwakani nitakuambia. Hata Denzil akiwepo."

"Hasa Denzil akiwepo," Denzil alisema, mdomo umejaa.

Trei niliichukua mimi. Utepe sikuubandua.

Moto ulikuwa umeanza kushuka. Mjomba aliniachia kitambaa nishike mwenyewe, akaenda kwenye kapu la kuni zilizopita mtihani, akatoa mmoja. Hakuutia. Alikuja nao mbele yangu, akaugeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha, upande wa gome, upande wa moyo, ncha na ncha.

"Huu?"

Niliukagua kwa jicho moja, sikuharakisha. Denzil aliacha kutafuna, akaukagua pia.

"Huo sawa," nilisema.

Akafungua mlango wa jiko, akautia.